Unaanza kusoma mashairi ya mashujaa wa Waanglo-Saksoni? Fuata zawadi

Wadogo zangu mnaoanza kozi ya Kiingereza cha Kale, na nyie ambao hamna kozi yoyote ila mmeipenda tu hii fani mkaamua kujisomea wenyewe, nawaandikia kwa sababu maswali ninayoulizwa ni yale yale na majibu yake hayaenei kwenye meseji. Swali la kwanza huwa nianzie wapi. La pili, ambalo watu wanaliuliza kwa aibu kidogo, ni mbona nasoma Beowulf, lile shairi lao refu, naona ni jamaa mmoja tu anapigana na zimwi, kisha mama wa zimwi, kisha uzeeni anapigana na joka anakufa, sasa sifa zote hizi za nini. Naanza na hilo la pili maana likikaa sawa hata la kwanza linakuwa jepesi.

Fuata zawadi. Chukua daftari, piga safu nne: nani katoa, nani kapokea, katoa nini, na aliyepokea alilipa lini na kwa kitu gani. Ni kama lile daftari la michango ya harusi linalokaa kabatini, ukitaka kujua ukoo unadaiana na nani na ukipata shida utamkimbilia nani unalifungua lile. Hawa Waanglo-Saksoni, watu walioingia Uingereza kuanzia karne ya 5 wakitokea pande za Ujerumani ya kaskazini na Denmark, na utawala wao ukaishia 1066 Wanormani walipovamia, mashairi yao ya kishujaa yanatembea juu ya hesabu hiyo. Bwana anatoa pete za dhahabu, panga, farasi, ardhi, anawanywesha watu wake pombe ya asali ukumbini, nao siku ya vita wanamlipa kwa miili yao. Nimeona wanafunzi waliokwama kabisa wakifunguka macho kwa hilo daftari tu, na sijaona njia nyingine inayofanya kazi haraka hivyo.

Tuifungue Beowulf yenyewe. Ina mistari 3,182 ila huna haja ya kwenda mbali, kwenye mstari wa 20 mshairi keshatoa kanuni, kwamba kijana akiwa bado kwenye himaya ya baba yake atoe kwa ukarimu ili uzeeni vita ikija wenzake wasimame naye. Watu wanaupita huo mstari mbio kwa sababu zimwi bado hajatajwa na wao wanamsubiri zimwi. Mbele kidogo Hrothgar mfalme wa Wadenmark anajenga ukumbi wake mkubwa, Heorot, na sababu imesemwa wazi, agawie humo vijana kwa wazee kila alichojaliwa na Mungu, isipokuwa ardhi ya watu wote na uhai wa watu. Huo ukumbi ni mahali pa kugawia kabla ya kuwa mahali pa kulala au kulewa. Ndo maana Grendel, yule zimwi, akiuvamia kwa miaka 12 hajabomoa jengo, kavunja kazi yote ya mfalme.

Na angalia mshairi anavyomuelezea huyo Grendel, hapa soma polepole sana. Anasema hakutaka suluhu na Mdenmark yeyote, hakutaka kumaliza ugomvi kwa fidia, na hakuna mzee wa baraza aliyetegemea kupokea malipo mazuri kutoka mikono ile. Na kile kiti cha mfalme cha kugawia zawadi hakuweza kukisogelea. Kula watu kunatisha ndiyo, lakini kilichomtoa kabisa kwenye jamii ya watu ni kwamba anaua na halipi. Ili uone uzito wa hilo inabidi ujue sheria zao, na hapa nakusihi usiziruke sheria ukidhani ni mambo ya wanahistoria. Sheria za mfalme Æthelberht wa Kent, za mwanzoni mwa karne ya 7, ambazo ndizo maandishi ya sheria ya zamani kuliko yote tuliyonayo kwa Kiingereza, zinapanga bei mwili mzima: ukimng'oa mtu jicho shilingi 50, ukimkata kidole gumba shilingi 20, ukimharibia ukucha wa hicho kidole shilingi 3. Na kila mtu ana bei ya uhai wake, kule Wessex, ufalme wao mwingine, baadaye mtu wa kawaida alikuwa shilingi 200 na mkubwa shilingi 1,200. Ukiua unawalipa ndugu wa marehemu, usipolipa wana haki ya kulipiza kisasi. Ukisoma hivo ndo unaelewa kwa nini mshairi anapoteza muda kutuambia kwamba zimwi halipi fidia, kitu ambacho kwetu kinaonekana cha kijinga, nani anamdai zimwi?

Sasa Beowulf mwenyewe kaja kwa nini kutoka kwa Wageat, huko kusini mwa Sweden ya leo, na wenzake 14? Wengi wanaandika kwenye asaimenti kwamba alikuja kutafuta sifa. Sifa alizipenda, hilo halina ubishi, lakini Hrothgar mwenyewe akimpokea anatoa siri: baba yake Beowulf, Ecgtheow, aliwahi kuua mtu wa kabila la Wawylfing, ndugu zake mwenyewe wakaogopa kumpokea, akakimbilia kwa Hrothgar aliyekuwa bado kijana, na Hrothgar ndiye aliyelipa fidia kwa mali yake akaumaliza ule ugomvi. Kwa hiyo mtoto kaja na deni la baba mgongoni. Andika kwenye daftari, Hrothgar kamlipia Ecgtheow, analipa Beowulf. Utaona simulizi yote imebadilika rangi.

Beowulf akishamng'oa Grendel mkono, karamu inafanyika na hapo mshairi anatoa orodha ndefu ambayo mwanafunzi anayekimbia ataiona inachosha. Bendera ya dhahabu, kofia ya chuma, dirii, upanga, farasi 8 wenye lijamu za dhahabu, mmoja wao kavalishwa tandiko la mfalme mwenyewe. Kila aliyekuja na Beowulf anapewa kitu. Na yule mmoja aliyeliwa na Grendel usiku ule, Hrothgar anaamuru alipiwe kwa dhahabu. Simama hapo. Aliyeua hakulipa, basi kalipa mwenye nyumba. Jina la huyo marehemu hata hatulijui wakati huo, linakuja kutajwa baadaye sana, zaidi ya mistari 1,000 mbele, Beowulf akiwa kwao anamsimulia mjomba wake Hygelac, mfalme wa Wageat, ndo tunasikia anaitwa Hondscio. Mimi sehemu hiyo hainiachi.

Kisha fuata vile vitu vinaenda wapi, maana havikai. Beowulf akifika nyumbani anampa Hygelac bendera, kofia, dirii, upanga na farasi 4, na farasi 3 anampa malkia Hygd, mke wa Hygelac, pamoja na mkufu mkubwa aliopewa kwenye ile karamu na malkia Wealhtheow, mke wa Hrothgar. Hygelac naye anarudisha kwa upanga wa baba yake, ardhi ya hesabu ya 7,000, kila moja ya kutosha kaya moja, nyumba na kiti. Na ule mkufu mshairi keshatuambia mapema kabisa, pale pale unapotolewa, kwamba Hygelac atakuwa nao siku anauawa kwenye uvamizi wake huko Frisia, pwani ya Uholanzi ya leo, uvamizi ambao hata mwanahistoria Gregory wa Tours kauandika na unakadiriwa miaka ya 520 hivi. Yaani wakati watu wanashangilia zawadi ukumbini wewe msomaji umeshaoneshwa maiti itakayoivaa.

Joka ndo anakamilisha hesabu. Yeye ana dhahabu nyingi kuliko wafalme wote na hampi mtu, kalalia tu chini ya ardhi miaka 300, na vita yote inaanza kwa sababu ya kikombe kimoja kilichoibwa. Beowulf sasa ni mfalme, katawala miaka 50, anaenda na watu 11 aliowachagua mwenyewe, na moto ukiwaka 10 wanakimbilia msituni. Anabaki Wiglaf, kijana, na anachowaambia wenzake ndo kile kile daftari lako limekuwa likisema muda wote: nakumbuka tukinywa pombe ya asali ukumbini tulimuahidi bwana wetu aliyetupa pete hizi kwamba tutamlipa hizi silaha siku akipata shida. Aliyepewa farasi na panga kakimbia, shamba halijalimika. Mwishoni dhahabu ya joka inazikwa kaburini na Beowulf, na mshairi anasema iko huko mpaka leo haina faida kwa watu kama ilivyokuwa mwanzo.

Wanawake msiwaruke. Kuna kisa kinaimbwa katikati ya ile karamu ya Heorot, kifupi na kimebanwa mno mpaka wanafunzi wengi wanakiacha, kisa cha Hildeburh. Binti wa Kidenmark aliyeozwa kwa Finn mfalme wa Wafrisia ili amani ipatikane, kwa maneno mengine yeye mwenyewe ndiye zawadi. Vita ikazuka nyumbani kwake usiku, kaka yake Hnæf akafa upande mmoja na mwanae wa kumzaa akafa upande wa pili, na yeye ndiye anaamuru mwanae alazwe kwenye moto ule ule, bega kwa bega na mjomba wake. Finn anawaapia Wadenmark waliobaki kwamba kila atakapogawa dhahabu atawapa sawasawa na watu wake, na majira yote ya baridi wanakaa pamoja bahari ikiwa imefungwa na barafu. Masika yanafika, mtu mmoja anamuwekea Hengest, kiongozi wa wale Wadenmark waliobaki, upanga mapajani, zawadi tu, hasemi kingi. Finn anauawa na Hildeburh anarudishwa kwao na meli pamoja na vitu vya thamani vya nyumbani, kama mzigo kati ya mizigo. Zawadi inaweza kuwasha vita, na huyu mshairi alilijua hilo vizuri sana. Na wakati wimbo unaisha, Wealhtheow anaingia na kikombe akiwa na wasiwasi juu ya wanae wawili, hapo uunganishe mwenyewe.

Ukitoka Beowulf nenda kwenye shairi la vita ya Maldon, na kama una muda mdogo anzia hapo hapo, lina mistari 325 tu na linahusu tukio la kweli. Mwaka 991 Waviking walitua kisiwani kwenye mto Blackwater, Essex, liwali wa eneo hilo Byrhtnoth, mzee wa mvi, akawapanga watu wake ng'ambo. Mjumbe wa Waviking anapiga kelele kutoka ufukweni, tupeni pete tuwape amani. Byrhtnoth anajibu kwamba kodi watakayopewa ni mikuki. Nyie mliokulia pwani hapa mna faida maana vita yote inategemea maji kujaa na kupwa, maji yakiwa yamejaa hakuna wa kumfikia mwenzake, yakipwa njia nyembamba inatokeza na watu watatu tu wanaizuia. Waviking wakaomba waruhusiwe kuvuka wapigane kwa usawa, na Byrhtnoth akawaruhusu, mshairi anasema aliwapa ardhi kupita kiasi kwa kiburi chake, na wasomi wanagombana juu ya hilo mpaka kesho. Ushauri wangu usizame kwenye huo ugomvi ukiwa mgeni. Angalia kinachotokea baada ya yeye kufa. Godric mwana wa Odda anarukia farasi wa bwana wake na kukimbia, bwana ambaye, mshairi anaongeza taratibu, alishampa yeye farasi wengi. Na kwa kuwa ni farasi wa Byrhtnoth, askari waliokuwa mbali wakadhani liwali mwenyewe anakimbia, ukuta wa ngao ukavunjika. Mstari mmoja wa daftari ambao haukulipwa umeua jeshi zima.

Waliobaki wanasema mmoja mmoja, kila mtu na hotuba fupi, kisha anaingia kufa. Ælfwine anawakumbusha viapo vya kwenye pombe ya asali, kama Wiglaf. Dunnere ni mkulima wa kawaida tu na yeye anasema lake. Mzee Byrhtwold anatikisa mkuki na kusema maneno haya, na nataka uyaone jinsi yalivyojengwa:

Hige sceal þe heardra, heorte þe cenre,
mod sceal þe mare, þe ure mægen lytlað.

Fikra ziwe ngumu zaidi, moyo uwe mkali zaidi, ushupavu uzidi, kadiri nguvu zetu zinavyopungua. Sasa mnaojua utenzi wetu mtaanza kutafuta vina na kuhesabu mizani, na hamtapata hata kimoja. Mshororo wao umekatwa katikati, kila nusu ina mapigo mawili mazito, na kinachozifunga nusu mbili ni sauti ya mwanzo wa neno: hige, heardra, heorte, kisha mstari wa pili mod, mare, mægen. Pigo la kwanza la nusu ya pili ndo bosi, lazima moja au mawili ya nusu ya kwanza yafanane nalo, na pigo la mwisho kabisa kwa kawaida linaachwa huru. Irabu zote zinahesabika kuwa zinafanana zenyewe kwa zenyewe. Hii sheria ukiijua inakusaidia hata kwenye maana, kwa sababu maneno mshairi aliyoyafunga kwa sauti mara nyingi anataka uyafikirie pamoja.

Kwa hiyo soma kwa sauti. Nasisitiza, usisome kimya. Na hapa Mswahili ana bahati ambayo hata Mwingereza wa leo hana. Herufi þ na ð zinawatisha watu ila ni th ya thamani na dh ya dhahabu tu, waandishi wao walizitumia kwa kubadilishana na kanuni ni kwamba ikiwa katikati ya irabu inasikika dh, mwanzoni na mwishoni th. Herufi g kati ya irabu kama a na u inatoka kama gh ya ghali. h katikati na mwishoni mwa neno ina mkwaruzo kama kh ya kheri. sc ni sh. Kila silabi inatamkwa, hakuna herufi ya mapambo. Mtu aliyekulia Tanga au Mombasa au Unguja anaingia kwenye hizi sauti siku hiyo hiyo.

Sarufi ndo itawachosha na hapa hakuna njia ya mkato. Nomino zina jinsia tatu na zinabadilika miisho kulingana na kazi yake kwenye sentensi, vivumishi vinafuata, vitenzi vina makundi. Msilie sana, sisi tumezoea kila kitu kwenye sentensi kukubaliana na nomino, kitabu changu kizuri kimepotea, tunafanya bila kufikiri, tofauti ni kwamba wao wanabebesha mwishoni. Msikariri majedwali matupu. Chukueni majedwali pamoja na nathari rahisi, na nathari bora ya kuanzia kwa mtu wa mashairi haya ni kile kipande cha Kumbukumbu za Waanglo-Saksoni chini ya mwaka 755 kinachohusu Cynewulf na Cyneheard. Cynewulf, mfalme wa Wessex, kauawa na Cyneheard nyumbani kwa mwanamke wake, watu wake wanaahidiwa mali na uhai wakikubali kumfuata muuaji, wanakataa, wanakufa wote isipokuwa mmoja. Kesho yake kikosi kingine kinafika, wanaambiwa ndugu zenu wa damu wako ndani na muuaji, wanajibu hakuna ndugu anayetupita bwana wetu. Ni ukurasa mmoja tu na ushairi wote wa kishujaa umo.

Baada ya hapo vitendawili. Kitabu cha Exeter, ambacho askofu Leofric aliyefariki 1072 aliliachia kanisa kuu la huko na bado kipo, kina vitendawili karibu 100, vifupi, vingine mistari sita tu, kama kile cha nondo aliyekula maneno ya watu na bado hakuerevuka. Huko ndo mtazoea ule usemi wao wa kukiita kitu kwa kuzunguka, bahari ni njia ya nyangumi, mwili ni nyumba ya mifupa, jua ni mshumaa wa mbingu, mfalme ni mgawa pete. Huyo wa mwisho mshamjua.

Humo humo kuna shairi la Mzururaji, mistari 115, nalo lisomeni mkiwa na lile daftari kichwani maana linaonesha upande wa pili wa hesabu: mtu aliyefiwa na bwana wake na hana tena wa kumpa wala wa kumlipa. Yupo baharini peke yake kwenye baridi, usingizi unampitia, anaota anamkumbatia na kumbusu bwana wake na kumlazia mikono na kichwa magotini kama zamani siku za zawadi, anashtuka, mbele yake ni mawimbi ya kijivu, ndege wa baharini wanaoga na kutandaza mabawa, theluji inaanguka imechanganyika na mvua ya mawe. Akimkosa bwana kakosa jina, ukumbi, marafiki, kazi na mahali pa kuweka kichwa. Wanafunzi wanaliona la huzuni tu, mimi naona ndo linaeleza kwa nini wale wa Maldon hawakukimbia.

Kuna mambo machache ya kujihadhari nayo. Usiandike kwamba haya ni mashairi ya kipagani yaliyopakwa Ukristo juu juu. Walioyaandika ni Wakristo, waliokaa na kalamu ni watu wa kanisa, wanawatazama mababu zao kwa mapenzi na kwa majonzi pia. Ubishi ulikuwepo ndani kwa ndani, Alcuin, msomi wa kanisa, mwaka 797 alimuandikia askofu akilalamika kwamba watu wanasikiliza nyimbo za shujaa Ingeld wakati wa chakula, akauliza Ingeld ana nini na Kristo. Lalamiko hilo lenyewe ni ushahidi kwamba zilikuwa zinapigwa na wenye majoho wanasikiliza. Na swali la Beowulf ilitungwa lini, karne ya 8 au karibu na 1000 wakati nakala yetu inaandikwa, liache kwanza, wakubwa wamezeekea humo. Jua tu kwamba tumebakiwa na nakala moja, iliandikwa na watu wawili, wa pili kapokea kalamu kwenye mstari wa 1,939, na Oktoba 1731 iliungua kingo kwenye moto uliotokea Ashburnham House, Westminster. Nakala ya zamani ya Maldon iliteketea kabisa kwenye moto huo huo, tunaisoma kwa sababu kuna mtu alikuwa ameshainakili. Mkikuta neno lina alama ya kubahatisha kwenye toleo lenu mjue huenda ni moto ule.

Ukipata nafasi ya kufika London nenda British Museum, chumba cha 41, kiingilio bure, ukaone vitu vya Sutton Hoo vilivyofukuliwa 1939 Suffolk kwa kazi iliyoanzwa na Basil Brown kwenye shamba la mama mmoja aitwaye Edith Pretty, meli nzima ya mita 27 imezikwa na mali ya mfalme, pengine Rædwald wa Anglia Mashariki. Mbao zilishaoza, zilibaki alama za ubavu wake kwenye mchanga na misumari kwenye mistari. Ile kofia ya chuma ilitoka vipande vipande, ukisogea karibu utaona nyusi zake zina vichwa vya nguruwe mwitu mwishoni, na Beowulf inaongelea nguruwe juu ya kofia za askari. Kabla ya 1939 wasomi wengi walidhani dhahabu yote ile ni ya kutunga.

Mtaulizwa pia, na mimi naulizwa, wewe Mwafrika hii inakuhusu nini. Hilo jina la Anglo-Saksoni limetumiwa vibaya sana na watu wa ubaguzi, mpaka jumuiya ya kimataifa ya wanaosoma fani hii ilipiga kura 2019 ikalitoa kwenye jina lake. Msikimbie, na msiombe radhi kwa kuwepo. Beda, mwanahistoria wao mkubwa aliyemaliza kitabu chake 731, anaeleza kwamba shule ya Canterbury iliyowafundisha Waingereza Kilatini na Kigiriki iliendeshwa na watu wawili, Theodore wa Tarso aliyefika 669 na Hadrian, na Hadrian anamtaja kuwa mtu wa Afrika, yaani Afrika ya kaskazini. Aldhelm, mmoja wa washairi wao wa mwanzo wa Kilatini, alikuwa mwanafunzi wake. Habari hiyo ipo kwenye kitabu chao wenyewe, iwekeni kwenye aya ya kwanza ya jibu lenu.

La mwisho ni la mtihani, kile kipengele cha kutafsiri. Tafuteni kitenzi kwanza, kisha nani yupo kwenye hali ya mtendaji, msifuate mpangilio wa maneno maana mshairi anaurusha atakavyo. Mkiona kitu kimoja kimetajwa mara mbili tatu kwa majina tofauti, Hrothgar, bwana wa Wadenmark, mlinzi wa watu, msidhani wameingia watu watatu, ni mtindo wao wa kurudia, ni mtu yule yule. Kamusi ya Bosworth na Toller ipo bure mtandaoni na ina mifano mingi ya mistari, ila neno likiwa na maana sita msichukue ya kwanza, rudini muangalie nani anampa nani kwenye hicho kipande kisha ndo mchague.